Aliyeomba asijiidhinishie

Programu ya ndani ninayowatengenezea wanunuzi wa asali hapa Tabora inahitaji hatua za idhini, na kitu cha kwanza nilichokipinga ni pendekezo la saini tano kwa kila ombi la matumizi au malipo. Dizeli lita 20 za kwenda Sikonge kufuata ndoo za asali ipite kwa watu watano? Wakiwa wengi hivyo, kila mmoja anaamini mwenzake ameshakagua.

Kwa hiyo kiasi ndicho kinachoamua: ombi dogo linaishia kwa msimamizi wa ghala, kubwa linapanda kwa mhasibu. Aliyeomba hajiidhinishii hata akiwa bosi. Kitufe cha kuidhinisha hakimtokei kabisa. Hapo silegezi.

Vitufe vya "Kataa" na "Rudisha" nimevitenganisha, maana risiti iliyosahaulika si sababu ya kulitupa ombi zima. Vyote viwili vinadai sababu iandikwe. Mhasibu akisafiri, kaimu anawekwa kwa tarehe maalumu, na kumbukumbu inabaki na jina la kaimu mwenyewe. Kupeana nywila kuishe.

Kinachofuata ni ujumbe wa simu, ili mfugaji nyuki anayesubiri malipo ajue ombi lake liko mezani kwa nani.