Stempu Juu ya Noti

Shemeji yangu husema taifa dogo ndani ya muungano ni mgeni aliyekaa sana hadi akasahau kwamba ana kwake. Basi kila tukikutana ni ubishi: yeye anataka Uskoti ijitoe kwenye Ufalme wa Muungano, mimi nashika kalamu. Uhasibu ndio ulionilisha miaka yote, sina namna.

Swali langu ni lilelile: mtatumia pesa gani? Kwa maoni yangu kura ya Waskoti ya kujitoa, ya Septemba 18, 2014, ilikwama hapo. Waliotaka kutoka walisema wataendelea na pauni kwa makubaliano na London. Februari mwaka huohuo waziri wa fedha, George Osborne, akakataa pauni ya kushirikiana, na chama cha Labour, mpinzani wake, kikasimama naye. "Hapana" ikapata asilimia 55. Mwenye mkopo wa nyumba hatumbukii gizani.

Safari hii nikamletea Chekoslovakia, iliyokuwa nchi moja ya Wacheki na Waslovakia. Waliachana bila risasi, na bila kura ya maoni pia (hapo shemeji hutazama pembeni). Majengo na ardhi vilibaki vilipo. Mali nyingine wakagawana kwa idadi ya watu: Wacheki mafungu mawili, Waslovakia moja. Wakapatana kuendelea na sarafu moja, koruna. Kuanzia Januari 1, 1993, ilidumu hadi Februari 8. Watu walihofia koruna ya Slovakia itashuka, wakakimbizia akiba zao kwenye benki za upande wa Wacheki. Noti mpya zikisubiriwa, za zamani zilibandikwa stempu ili ijulikane ipi ni ya nani. Stempu, kama za barua! Nilidhani nimemmaliza.

"Na Slovakia iko wapi leo?" akauliza.

Ipo. Inatumia euro tangu 2009, na Wacheki bado wana koruna yao.

"Kwa hiyo walitoka bila jibu lako la pesa, wakalipata njiani."

Nikamwambia njia hiyo ina gharama, na kuna watu walioilipa. Akasema sawa, nipige hesabu nimletee, lakini niandike pande zote mbili kama nilivyofundishwa. Nimeanza jana usiku. Safu ya gharama imeshajaa ukurasa mzima. Ile ya pili ina mstari mmoja tu, "kuwa na kwao", na mbele yake sijui niweke tarakimu gani.