Mkeka Ukichanika, Anatukanwa Mtoto wa Watu

Kwenye chumba cha mapumziko kazini kwetu kuna meza ya Waswahili. Uswahili wenyewe ni wa kupanua kidogo: Wakongo wa Goma na Bukavu, Warundi wawili, dada mmoja Mkenya, na sisi Wabongo wachache ambao maisha yametutupa hapa Dayton, Ohio. Saa nane za usiku ghala linatulia kwa nusu saa, watu wanapasha viporo na kuchungulia simu. Juzi dogo mmoja wa Mwanza akanisogezea ya kwake.

"Braza, cheki huyu jamaa alivyonichania mkeka."

Mkeka wenyewe, yaani dau lake la kubeti, ulikuwa dola 40 kwamba timu fulani ya kikapu ya chuo itashinda kwa pointi saba au zaidi. Ikashinda kwa sita. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mchezaji wao alipewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza ukagonga chuma, wa pili ukagonga chuma. Haikuwa na madhara yoyote kwa timu, uwanja ulikuwa umeshaanza kushangilia, na kwenye video kijana mwenyewe anaonekana anacheka na wenzake. Dogo wetu hakucheka. Alimtafuta Instagram, akampata kwa majina yake kamili, akaingia inboksi na kumwandikia kwa Kiingereza kwamba arudishe hela ya watu, halafu akamtukania mama yake. Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Juu yake palikuwa peupe, hakuna salamu wala mazungumzo ya nyuma. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa yule kijana tangu wazaliwe wote wawili.

"Unamjua?"

"Nimjue wapi? Ila si anachezea hela za watu, braza."

Akaweka simu mfukoni, akaendelea na ugali wake. Si mtu mbaya. Mwaka jana nilipougua, yeye ndiye aliyenipeleka hospitali na gari lake. Ndiyo maana jambo hili limenikaa kichwani kuliko ambavyo lingekaa kama lingefanywa na mtu ninayemchukia.

Kwa mlio nyumbani, inabidi nieleze kwanza ukubwa wa michezo ya vyuo huku, maana bila hivyo haieleweki mtu anapotezaje usingizi kwa sababu ya mwanafunzi. Kwetu mechi ya chuo na chuo wanakuja wanafunzi wenyewe, wauza karanga na mbwa wawili. Hapa Dayton, mji usiofikia hata wakazi laki mbili, ukumbi wa kikapu wa chuo unaingiza zaidi ya watu 13,000 na unajaa. Uwanja wa chuo cha Michigan unachukua zaidi ya watu 107,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa ni 60,000, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Na wote hao wamekuja kuwatazama vijana wa miaka 19 ambao Jumatatu asubuhi wana mtihani wa takwimu.

Mapenzi hayo ni ya miaka mingi. Kilichoongezeka ni mkeka. Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria iliyokuwa inazuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo, na jimbo baada ya jimbo likafungua mlango. Ohio ilifungua tarehe 1 Januari 2023. Nakumbuka matangazo yale, kila kona, kila redio, bonasi ya bure, bonasi ya bure.

Hazikupita wiki tatu. Timu yetu ya kikapu ya chuo, Dayton Flyers, ikafungwa na chuo cha VCU, na siku chache baadaye kocha Anthony Grant akakaa mbele ya waandishi na kusema jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Wachezaji wake walikuwa wanatumiwa ujumbe wa chuki na watu waliopoteza hela. Aliwakumbusha watu kwamba hawa ni vijana wadogo, wana familia zao, na kwamba mtu kumshambulia kijana kwa ajili ya mambo yake binafsi kunamtia kichefuchefu. Grant ni mtu wa sauti ya chini. Yeye mwenyewe aliichezea Dayton miaka ya themanini, si mgeni kwa presha za mji huu. Na kila mtu hapa alijua anaongea akiwa baba wa namna gani: Mei 2022 alikuwa amefiwa na binti yake wa miaka 20, na yeye na mkewe wamekuwa wakilizungumzia suala la afya ya akili ya vijana hadharani tangu hapo. Sijui mwandishi gani angekuwa na ujasiri wa kumuuliza swali la mbinu za mchezo baada ya maneno yale.

Jimbo lilisikia, nalipa sifa yake. Mwaka huohuo wa 2023 Ohio ilitunga sheria inayoruhusu kumfungia mtu kubeti akimtishia mwanamichezo. Mwaka uliofuata, baada ya Charlie Baker, rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kuomba rasmi, ikapiga marufuku mikeka ya mchezaji mmoja mmoja wa chuo, yaani ile ya fulani atafunga pointi ngapi, atadaka ribaundi (mipira iliyokosa kikapu) ngapi. Hatua nzuri. Lakini mkeka wa dogo wetu ulikuwa wa timu, halali kabisa, na ulimfikisha inboksi ya kijana vilevile.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba hata ushindi siku hizi haumkingi mtu. Zamani ukishinda, midomo inafungwa. Machi 2024 North Carolina iliichapa Michigan State 85 kwa 69 kwenye mashindano ya taifa ya kikapu ya vyuo. Armando Bacot wa North Carolina alifunga pointi 18 na kudaka ribaundi 7. Ungemtegemea alale usingizi wa mshindi. Alieleza baadaye kwamba alikuta ujumbe zaidi ya mia wa watu wakimponda, kisa ribaundi hazikufika idadi waliyoibetia. Siku zilezile Purdue ikaifunga Grambling State 78 kwa 50. Dakika ya mwisho mchezaji wa akiba wa Purdue, Carson Barrett, asiyekuwa hata na ufadhili wa masomo, akaingizwa na kutupia moja ya pointi tatu. Kwa mama yake nyumbani hiyo ni picha ya kuweka ukutani. Kwa waliokuwa wamebeti kwamba pengo halitafika huko, lilikuwa kosa, na wakamwandikia ajiue.

Ningependa sana kuitupia kamari lawama yote, ingekuwa rahisi. Lakini haikubali. NCAA ilifanya uchunguzi wa mitandao uliotolewa 2024: ujumbe zaidi ya milioni 1.3 ulipitiwa, na zaidi ya 5,000 ukathibitishwa kuwa wa matusi au vitisho. Uliohusiana na kubeti ulikuwa asilimia 12. Wa udhalilishaji wa kingono ulikuwa asilimia 18. Na wachezaji wa kikapu wa kike walipata vitisho takriban mara tatu ya wenzao wa kiume. Angel Reese, mcheza kikapu wa chuo cha LSU, alilieleza hilo kwa machozi Aprili 2024 baada ya kufungwa na Iowa: tangu achukue ubingwa mwaka uliotangulia, vitisho vya kuuawa havikukoma. Hao waliomwandikia, sidhani kama wengi wao walikuwa na mkeka wowote uliochanika. Walikuwa na sababu nyingine, na sababu zenyewe tunazijua.

Kuna hata wanaotukana kwa sababu ya mapenzi ya timu yao. Novemba 30, 2013, Alabama na Auburn, vyuo mahasimu wa jimbo moja katika futiboli ya Kimarekani, mechi ambayo watu wa huko wanaitumia kuhesabia miaka. Mpiga mateke wa Alabama, Cade Foster, mateke yake matatu hayakuzaa kitu. Sekunde ya mwisho kocha akampa mwingine teke la mbali mno, likawa fupi, Auburn wakaudaka mpira na kukimbia nao uwanja mzima hadi mwisho, 34 kwa 28. Teke lile halikuwa la Foster. Bado usiku ule vitisho vya kifo vilimwangukia yeye, kutoka kwa watu wa jezi yake mwenyewe. Kabla ya Ohio kuruhusu kubeti kulikuwa bado na miaka tisa.

Kisa cha Foster nakipenda kwa sababu ya barua. George W. Bush, akiwa ameshastaafu, alimwandikia kwa mkono. Foster alikuwa anavaa jezi namba 43, na Bush ni rais wa 43. Mzee yule alimwambia kwa maneno machache kwamba maisha yana mikwamo na yeye anaijua vizuri, kisha akajitambulisha mwishoni kama namba 43 mwenzake. Siasa za Bush siziingilii. Ila alitafakari, akachukua kalamu, akatafuta anwani. Inashangaza kwamba neno jema lilihitaji bahasha na stempu, na lile baya lilihitaji kidole gumba.

Mimi nimekulia kijiweni, Magomeni. Pale kahawani kocha wa Yanga alifukuzwa kazi kila Jumatatu asubuhi, wa Simba akafukuzwa Jumanne, na hoja zilikuwa na nguvu kuliko za bungeni. Golikipa alisemwa hadi na viatu vyake. Lakini sijawahi kuona mzee akimaliza kashata, akapanda daladala hadi kwa golikipa, akagonga mlango na kumtukana mbele ya mkewe. Nauli tu ilitosha kumtuliza. Kwa hiyo sitaki mtu anielewe kwamba nadai mashabiki wanyamaze. Kumsema mchezaji ni nusu ya utamu wa mpira. Kumfuata hadi kitandani kwake saa sita usiku ni kitu kingine. Hasheem Thabeet wetu, mcheza kikapu, alipochezea chuo cha Connecticut, kati ya 2006 na 2009, mitandao ilikuwa bado michanga, alibahatika. Yaliyomkuta yalikuja baadaye, alipochaguliwa wa pili kuingia NBA mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mpaka leo anafanyiwa dhihaka na watoto ambao hawajatazama hata mechi yake moja.

Makocha? Huruma yangu kwao ina mipaka, niseme ukweli. Jimbo Fisher alipofukuzwa Texas A&M Novemba 2023, mkataba ulikilazimu chuo kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke tu. Kwa hela hiyo hata mimi nitukaneni, nitawapa na namba ya simu. Mtu mzima aliyesaini mkataba wa namna hiyo anajua kwamba kazi yake ni kupimwa.

Ila nguvu ya kelele hizo isidharauliwe. Novemba 2017 chuo cha Tennessee kilikuwa kimeshakubaliana na Greg Schiano awe kocha wa futiboli. Habari zilivuja Jumapili mchana, mashabiki wakalipuka mitandaoni, wanasiasa wa jimbo wakaingia, na kabla ya jua kuzama dili lilikuwa limekufa. Siku chache baadaye mkurugenzi wa michezo naye akaondolewa. Aliyekuja kuajiriwa, Jeremy Pruitt, alifukuzwa Januari 2021 kwa sakata la kuvunja kanuni za kusajili wachezaji. Mashabiki walijifunza somo moja tu kwenye kisa kile, kwamba ukipiga kelele za kutosha wakubwa wanatetemeka. Ukishaonja nguvu hiyo kwa kocha wa mamilioni, kumrudia mtoto wa mwaka wa kwanza ni hatua fupi.

Dogo wetu ana hoja yake ya mwisho, na wengi mezani waliiunga mkono: siku hizi wanalipwa. Ni kweli. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata hela kwa jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Wapo wanaotajirika. Lakini sijawahi kuona mkataba unaosema sehemu ya mshahara ni kutukaniwa mama, na mfanyakazi wa benki naye analipwa.

Na hela hiyo imewafunga kamba ambayo watu hawaioni. Kila mtu anawashauri "zima simu, toka mitandaoni". Watokeje? Kampuni inayomlipa mchezaji inanunua wafuasi wake. Akifunga akaunti, amefunga duka. Mlango ambao hela inaingilia ndio huohuo matusi yanapitia.

Mama mmoja wa mezani kwetu, wa Bukavu, ana binti anayecheza soka la wanawake kwenye chuo kidogo. Si nyota, hamumjui. Msimu uliopita alikosa penalti, na wiki hiyo mama akamwamuru afute akaunti zote. Binti akagoma: kuna duka la vifaa vya michezo linampa viatu na hela kidogo, sharti aweke picha mara mbili kwa mwezi. Wamekubaliana kwamba siku za mechi nywila inakaa kwa dada yake mkubwa. Yeye ndiye anayefungua kwanza, anasoma, anafuta, kisha anamrudishia asubuhi.

Nilimuuliza huyo dada, tulipokutana kwenye ubatizo, kwamba ni watu gani hao wanaoandika. Nilitarajia aseme watoto wa shule. Akasema wengi ni wanaume wazima, na kwenye picha zao za wasifu wamewapakata mabinti zao.