Magnesiamu na sukari yetu

Sisi tunaoishi na kisukari tukikutana ni sukari tu, asubuhi ilikuwa ngapi, baada ya kula ngapi, HbA1c (kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) imetoka ngapi, na hayo ni muhimu sana, ila kuna madini yanaitwa magnesiamu ambayo karibu hakuna anayeyataja na yanahusika moja kwa moja na hiyo hiyo sukari.

Iko hivi. Insulini ikifika kwenye seli inashika kipokezi kilichoko juu ya seli, halafu hicho kipokezi ndo kinapeleka taarifa ndani ili sukari iruhusiwe kupita. Sasa hiyo kazi ya kupeleka taarifa inahitaji magnesiamu. Ikiwa kidogo, insulini ipo, imeshika pale pale inapotakiwa, lakini taarifa inafika imefifia na sukari inabaki kwenye damu. Huo ni usugu wa insulini, na upungufu wa magnesiamu unauzidisha.

Kinachoniumiza zaidi ni upande wa pili. Sukari ikipanda sana figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo, mnajua wenyewe usiku unavyoamka kila saa, na ule mkojo hauondoki na maji na sukari peke yake, unaondoka na magnesiamu pia. Kwahiyo sukari inashusha magnesiamu, magnesiamu ikishuka insulini inafanya kazi vibaya, sukari inazidi kupanda, mkojo unaongezeka, yaani inazunguka hivyo hivyo. Bado dawa: vile vidonge vya presha vinavyokufanya ukojoe sana, na omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, ukiitumia muda mrefu (FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari mwaka 2011), navyo vinaweza kuishusha. Na wangapi kati yetu tuna kisukari, presha na tumbo vyote kwa pamoja?

Mwili wa mtu mzima una kama gramu 25 tu za magnesiamu, zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, na kwenye damu haifiki hata asilimia 1. Ndo maana kipimo cha damu kinaweza kukupa matumaini ya bure, karatasi ya maabara inasoma 0.8 mmol/L, yaani kawaida, kila mtu anaridhika kumbe stoo imeshaanza kuisha. Dalili nazo ni za kawaida mno, uchovu, misuli kukaza au kucheza cheza, ila ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika, na potasiamu inashuka nayo na haipandi vizuri hata ukiongezewa mpaka magnesiamu irekebishwe.

Mwanamke anahitaji kama miligramu 310 hadi 320 kwa siku, mwanaume 400 hadi 420. Mbegu za maboga ndo ninazozipenda kuliko zote, gramu 28 tu zina karibu miligramu 150. Kuna lozi, maharage, mboga za kijani, nafaka isiyokobolewa, manake ukikoboa unatupa pumba na kiini ambako ndiko iliko nyingi. Karibu vyote ni vitu ambavyo mwenye kisukari ameshaambiwa ale.

Vidonge vya magnesiamu sasa, hapo naomba sana tusikimbilie. Geuza chupa usome nyuma, uone ni magnesiamu ya aina gani, ukikuta oksaidi ujue mwili unainyonya kidogo na inaharisha, sitreti inanyonywa vizuri zaidi. Lakini kabla ya aina, uliza figo zako zikoje, pima kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi), kwasababu kisukari kinaharibu figo kimya kimya na figo dhaifu haziwezi kuitoa magnesiamu inayozidi, inajaa mwilini mpaka presha inashuka, moyo unaenda taratibu, hata kupumua kunakuwa shida. Na kama daktari kakuandikia magnesiamu na uko kwenye dozi ya ciprofloxacin au doxycycline usimeze pamoja, zinashikana tumboni na antibayotiki haifanyi kazi, meza antibayotiki kwanza halafu subiri angalau masaa 2.