Sahani za Wageni, Tarehe 14 Februari

Leo Dodoma imevaa nyekundu. Pale Nyerere Square vijana wamepanga mawaridi kwenye ndoo, pembeni maputo yenye umbo la moyo, na mpita njia haachwi: "Dada, mchukulie shemeji hata moja." Nimewasalimia nikapita. Sina ugomvi na mawaridi wala na wapendanao. Kupendwa ni jambo jema, na mimi nalitamani.

Ila sikutaka siku hii inikute nimejifungia ndani, simu nimezima, nasubiri kuche. Wengi wetu tusio na mwenza ndivyo tunavyoipitisha, kana kwamba tuna deni na mtu. Huyo Mtakatifu Valentino mwenyewe ni shahidi wa imani, na mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliitoa sikukuu yake kwenye kalenda yake ya jumla. Mwaka 2024 tarehe hii iliangukia Jumatano ya Majivu. Waumini walipakwa majivu siku ileile wengine wakipeana maua, na dunia ikaendelea vizuri tu.

Kinachonigusa zaidi ni kabati la vyombo. Kwetu mgeni ndiye anayefunguliwa kabati. Sahani zenye maua, glasi za seti, kitambaa cha meza kilichofumwa kwa mkono, vyote vinamsubiri mtu mwingine. Anayeishi peke yake anapakua ugali kwenye kifuniko cha sufuria, anakula amesimama, anaendelea na kazi. Mwaka unaisha hivyo na hakuna anayeshangaa. Mimi naona hapo ndipo kujipenda kunapoanzia, kabla ya hizo spa na safari za Zanzibar tunazooneshwa mitandaoni.

Basi leo nimepika kama ninayetarajia ugeni. Mvua zipo, mlenda mbichi umejaa sokoni. Nimechambua majani taratibu, nimechemsha maji na magadi kidogo sana (yakizidi, ladha yote inapotea), nikatia majani na nyanya, nikakoroga mpaka mwiko ukaanza kuvuta nyuzi. Karanga zilizotwangwa zikafuata mwishoni, moto mdogo. Ugali ni wa uwele, ule wenye rangi ya kijivu, unaotaka uliwe ungali moto. Nimekunja kitambaa, nimetoa sahani ya maua, nimekaa mezani. Nimekula polepole, nikasikia ladha ya kila tonge.

Baada ya chakula, zabibu. Februari ni msimu wake huku kwetu, na mwezi wa nane zitarudi tena, maana mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka wakulima wakiipogoa vizuri. Asubuhi nilizinunua kwa mama mmoja kando ya barabara. Alipotaka kuzifunga kwenye mfuko mzuri wa zawadi, nikamwambia ni za kwangu mwenyewe. Akazifunga kwenye mfuko uleule, akaongeza kishada kingine juu. "Na wewe ule vizuri, mwanangu." Sijui jina lake, lakini namwombea biashara njema.

Kuna wanaosema huu ni ubinafsi. Sikubaliani nao. Amri ya kumpenda jirani inaitaja nafsi yako kuwa ndiyo kipimo. Ukiipimia nafsi makombo, jirani naye atapata makombo. Nimo kwenye makundi ya WhatsApp ya michango ya harusi, ahadi zangu nazilipa na nitaendelea kuzilipa kwa moyo mweupe. Safari hii nimejiandikia ahadi na mimi: Jumatatu naenda kupima macho na shinikizo la damu, mambo ambayo kila mwezi yanapishwa na kadi ya mtu.

Jioni shangazi kapiga simu. Baada ya shikamoo na habari za mvua, likaja lile la siku zote: "Mwanangu, pilau tutakula lini?"

"Ikipikwa, shangazi, wewe ndiye utakayekaa mbele. Leo nimepika mlenda."

"Karanga umetia mbichi au za kukaanga?"

"Mbichi."

"Aaa, za kukaanga ndizo zenyewe!"

Tumebishana juu ya karanga mpaka salio lake likakata, nikampigia mimi tukaendelea.