Siku Moja Shambani: Oka, Uluko na Yakoni Mbali na Andes

Saa 1 asubuhi. Ni Novemba, jua halijachomoza. Nasoma kipimajoto kilicho kando ya matuta: usiku kilishuka hadi nyuzi 1, hakikugusa sifuri. Oka, mmea wa viazi vidogo kutoka Andes, milima ya Amerika Kusini, imepona chini ya kitambaa chepesi nilichoifunika.

Wanaotaka kuanza kilimo hiki huniuliza kuhusu udongo na mbolea. Mimi huwaambia watazame kwanza urefu wa mchana. Oka na uluko, mmea mwingine wa viazi wa milima hiyo, huweka viazi mchana ukipungua, chini ya saa 12 hivi. Kwao Andes, karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana. Huku kaskazini ya mbali mmea huota majani tu majira yote ya joto, viazi huanza baada ya Septemba, na jalidi, baridi inayogandisha, haiko mbali. Ndiyo maana kila usiku ninaouokoa una thamani.

Saa 3. Nafunua matuta na kung'oa shina moja la kupimia. Viazi vina ukubwa wa kidole gumba. Vingine vibaki ardhini: hata majani yakifa, mashina huendelea kulisha viazi kwa wiki kama mbili.

Saa 4 hadi saa 8 ni za yakoni, mmea wa Andes wenye mizizi ya kuliwa, ambayo jalidi ilikwisha kuunguza majani yake marefu. Nachimba kwa uma nikianzia mbali na shina, kwani mizizi yake hukatika upesi. Ile minene ni ya kula: imejaa maji na fruktani, aina ya sukari, badala ya wanga, na ikianikwa siku chache huzidi utamu. Lakini haichipui. Mbegu ni lile fundo lenye macho chini ya shina, nalo nalihifadhi kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, pasipoganda. Anayekula mizizi na kutupa fundo hana cha kupanda mwakani.

Saa 9. Uluko. Shina lenye majani ya mabaka naling'oa lote, kwa kuwa virusi husafiri ndani ya kiazi cha mbegu.

Saa 10, jua likizama, nakagua miche ya oka iliyotokana na mbegu za maua. Nyuzilandi oka ni zao la sokoni tangu zamani. Lakini huku kaskazini tunahitaji aina isiyosubiri mchana mfupi. Mche mmoja umeweka viazi mapema kuliko wenzake. Nimeufungia utepe, na viazi vyake vyote nitavipanda tena.