Nilivyokaza mauntingi za injini ya pikipiki ya mashindano

Dodoma vumbi jekundu huficha dalili ya kwanza ya bolti iliyolegea. Chini ya washa (kile kipete cha chini ya nati) ya mauntingi, yaani vishikio vinavyoifunga injini kwenye fremu, hutokea unga wa kahawia, nawe ukadhani ni vumbi la njiani tu. Pangusa kwa kitambaa chenye petroli. Vumbi litatoka lote, lakini kutu ya msuguano itaacha doa, na katikati ya doa chuma kinang'aa. Bolti hiyo imekuwa ikicheza.

Kwenye injini hii ya silinda moja nilikuta tundu la mbele la bolti ya M10 (kipenyo cha milimita 10) limekuwa yai, na ufa wa kama sentimita mbili kando ya mshono wa weldi. Wengi hukimbilia kubandika bati juu ya ufa. Mimi nilipima kwanza, kwa kile kipimo cha valvu chenye vibati vyembamba, nikakuta nafasi ya nusu milimita kati ya bano (kishikio cha kwenye fremu) na injini. Ukiiziba kwa nguvu ya bolti unaikunja fremu, na fremu iliyokunjwa ikitikiswa itapasuka tu. Inaniuma fremu nzuri ikifa kwa kukosa kisahani chembamba cha kujaza pengo.

Nilitoa injini, betri na CDI (kisanduku cha kuwasha cheche ya plagi), ili umeme wa weldi usipite kwenye beringi wala kuunguza chochote. Mahali pa injini nikafunga kasha tupu la injini mbovu ya aina ileile. Linazuia matundu yasihame chuma kikipata moto. Nikatoboa 3 mm kwenye ncha ya ufa, nikauchimba mfereji kwa grenda, nikaujaza weldi. Tundu la yai nililiwekea kwa nje kisahani cha 4 mm chenye tundu jipya. Kisha bati la pembetatu la 3 mm, weldi fupi za milimita 25, nikihama upande hadi upande. Usichomelee kwa kukatiza bomba la fremu, litapasuka palepale.

Kufunga: bolti zote kwa mkono kwanza, mapengo yajazwe, ndipo ukaze za chini, za mbele, na ya juu kichwani mwisho. Bolti za daraja la nguvu 8.8 mimi hukaza M8 kwa 25 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia), M10 kwa 45 Nm. Kitabu cha pikipiki kikitaja nyingine, fuata kitabu. Nati za nailoni ziwe mpya, na karibu na ekzosi weka za chuma zinazojibana, maana nailoni haivumilii moto ule.

Chora mstari wa rangi kutoka nati hadi kwenye bano. Baada ya mazoezi ya kwanza, injini ikishapoa, utazame. Ukikuta umekatika, chomoa bolti uikague kabla ya kukaza tena.