Bibi Khadija Alikuwa Mfanyabiashara

Unapoingia Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, misikiti na madrasa za hapa Dodoma huanza kuandaa maulidi, na ni nadra maulidi kwisha bila mzungumzaji mmoja kuwataja wanawake bora wa Uislamu. Hutajwa Bibi Khadija, Bibi Aisha, Bibi Fatuma na Bibi Maryamu, nao husifiwa kwa subira, kwa stara na kwa utiifu. Sina ugomvi na sifa hizo, kwa kuwa walikuwa nazo. Linalonikera ni kwamba mawaidha huishia hapo, na binti aliyekaa upande wa wanawake akasikiliza kwa saa mbili huondoka akijua kwamba Bibi Khadija alikuwa mke mwema, bila kujua alikuwa akifanya kazi gani.

Alikuwa mfanyabiashara. Khadija binti Khuwaylid alikuwa miongoni mwa matajiri wa Makka, na mali yake ilisafiri katika misafara ya Makureshi hadi nchi ya Sham, yaani Syria na jirani zake. Waandishi wa sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, wanaeleza utaratibu wake: yeye alitoa mtaji na bidhaa, akawakabidhi wanaume aliowaamini, nao wakaenda kuuza na kununua kwa makubaliano ya kugawana faida. Utaratibu huo ndio ambao wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, waliuwekea masharti na kuuita mudharaba, na hadi leo ni miongoni mwa misingi ya benki za Kiislamu. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliingia katika maisha ya Khadija kwanza akiwa kijana aliyekabidhiwa mali, akaahidiwa malipo makubwa kuliko waliomtangulia kwa sababu ya uaminifu wake, na akafuatana safarini na Maysara, mtumishi wa Khadija. Hebu tumtazame mama huyu kwa jicho la biashara: anachagua wakala kwa kuchunguza tabia yake, anamweka mtu wake msafarani, na msafara unaporudi anasikiliza habari za safari sambamba na hesabu ya faida. Hata habari ya ndoa ilianzia upande wake. Mali hiyohiyo ndiyo iliyomsaidia Mtume katika miaka migumu ya mwanzo wa ulinganiaji, mpaka Bibi Khadija alipofariki takriban miaka mitatu kabla ya Hijra, katika mwaka unaoitwa Mwaka wa Huzuni.

Ninasisitiza habari hii kwa sababu wanawake wa hapa kwetu wanaishi ndani yake bila kuambiwa kwamba ni yao. Ninamfahamu mama mmoja, mzaliwa wa Kondoa, auzaye mafuta ya alizeti katika soko la Majengo. Chini ya meza yake, nyuma ya madumu, ana daftari lenye jalada gumu ambalo amelipiga mistari kwa mkono: safu ya madumu yaliyoingia, safu ya yaliyouzwa, na safu ya wadaiwa, ambayo huiandika kwa kalamu nyekundu. Yeye na wenzake wana kikundi cha kuweka na kukopa kisichotoza riba. Mkopo hurudi kama ulivyotoka, na faida ya kikundi hupatikana kwa kununua alizeti wakati wa mavuno, kuikamua na kuuza mafuta. Shekhe anayemhutubia mama huyu juu ya subira hamwongezei kitu, kwa maana subira anayo ya kutosha na ya akiba. Angemsomea masharti ya mudharaba, hasara inapotokea inabebwa na nani na mgawanyo wa faida unaandikwaje kabla ya mali kutoka, angemfaa zaidi.

Katika elimu hali ni hiyohiyo. Kila mtu anajua kwamba Bibi Aisha alipokea hadithi nyingi, lakini idadi haitajwi: wanazuoni wamehesabu 2,210. Wala haielezwi kwamba alikuwa akiwasahihisha masahaba wakubwa pale aliposikia wamenukuu kwa kupungukiwa, hata baadaye Imamu Zarkashi akatunga kitabu kizima cha masahihisho yake. Bibi Hafsa, mke wa Mtume na binti wa Umar, alijua kuandika, na mwalimu wake alikuwa mwanamke, Shifaa binti Abdullah. Kurasa za Qur'ani zilizokusanywa katika ukhalifa wa Abu Bakr zilihifadhiwa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa Hafsa, na Khalifa Uthman alipotaka kunakili misahafu ya kupelekwa mijini alituma watu kwake kuziazima. Huwa ninawauliza wanafunzi wangu wa siku za Jumamosi ni nani aliyekuwa mlinzi wa kurasa hizo, na majibu ya kwanza huwa majina ya wanaume.

Mtu ambaye ningependa ajulikane zaidi Afrika Mashariki ni Nana Asma'u wa Sokoto, katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Alizaliwa mwaka 1793, binti wa Shehu Usman dan Fodio, mwanazuoni aliyewalaumu waziwazi wanazuoni wenzake kwa kuwasomesha wanafunzi wa mbali huku wakiwaacha wake na mabinti zao katika ujinga. Asma'u aliandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, lakini kilichonivutia ni mpango wake wa elimu ulioitwa 'Yan Taru. Alijua kwamba wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa na watoto wadogo na kazi za shamba, hawangeweza kuhamia mjini kusoma. Kwa hiyo akawaandaa wanawake viongozi, waliokuja kwake na makundi yao, wakajifunza mashairi yaliyobeba fiqhi, sira na adabu, wakayahifadhi kwa moyo, kisha wakarudi kuyafundisha vijijini. Kiongozi alivalishwa kofia ya ukindu iitwayo malfa, ili kila amwonaye njiani ajue kwamba huyo ni mwalimu na yuko kazini. Sisi tuliokulia katika tenzi tunaelewa mara moja kwa nini njia hiyo ilifanya kazi: elimu iliyoghaniwa haihitaji taa wala daftari. Asma'u alifariki mwaka 1864.

Pwani yetu ilikuwa na Mwana Kupona binti Mshamu katika zama hizohizo, aliyemtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858. Utenzi huo umesomwa sana kama somo la kumtii mume, na kweli somo hilo limo. Mimi humwona pia mama mgonjwa anayemiliki kalamu, kanuni za utunzi wa utenzi na elimu ya dini, na ambaye hakumtafuta mtu wa kumtungia.

Nikirudi kwenye historia ya nchi yetu, ni lazima nimtaje Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma Qur'ani na elimu ya msingi kidogo, na jina lake lilianza kufahamika mjini kwa kuimba katika vikundi vya ngoma vya wanawake. TANU, chama kilichopigania Uhuru, ilipohitaji wanawake mwaka 1955, ni yeye aliyekabidhiwa kazi hiyo, naye hakuanza na ofisi. Alivifuata vikundi vya ngoma, akazungumza na viongozi wake, kwa sababu alijua kwamba kila kikundi tayari kilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na wanachama wanaoitikia wito. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameingia katika chama, hesabu ambayo wasomi wengi wa kiume wa wakati ule hawakuwa na njia ya kuifikia. Maisha yake hayakunyooka baada ya Uhuru: alikamatwa mwaka 1969 kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi baadaye hakutajwa. Ninamfundisha pamoja na sehemu hiyo. Mtu wa kuigwa aliyepogolewa historia yake yote ngumu hamfai binti ambaye naye atakutana na magumu.

Kwa mkazi wa Dodoma haiwezekani kuandika haya na kumruka Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021, wa kwanza mwanamke kushika nafasi hiyo Tanzania. Mji huu ulikuwa umemwona kabla ya hapo, mwaka 2014, akiwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba lililokaa hapa. Utawala wake una haki ya kupimwa na raia kama utawala wa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kutangulia katika jambo hakumwondolei mtu hesabu. Ninachoweza kukishuhudia mimi ni kidogo tu, kwamba watoto ninaowafundisha hawashangai kabisa kumwona mwanamke mwenye mtandio akikagua gwaride.

Wa mwisho ni Daktari Hawa Abdi wa Somalia, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufariki mwaka 2020. Mwaka 1983 alifungua kliniki ya kina mama katika ardhi ya familia yake nje ya Mogadishu, na vita vilipoanza, waliokimbia mapigano wakaja kupiga kambi kuizunguka, mpaka ikawa makazi ya makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 2010 wanamgambo waliivamia hospitali yake wakitaka aikabidhi, kwa hoja kwamba mwanamke hafai kuiongoza. Alikataa kuondoka, akawauliza wao wameifanyia nini jamii yao, na walipolazimika kuondoka alidai waombe radhi kwa maandishi, nao wakaandika. Mabinti zake wawili walikuwa madaktari kama yeye. Nilipowasimulia wanafunzi wangu tukio hili nilitegemea waulize kuhusu bunduki, lakini swali la kwanza lilikuwa udaktari aliusomea wapi. Nikawajibu kwamba aliusomea Kyiv, enzi za Umoja wa Kisovyeti, na kwamba baadaye alisoma na sheria.